Fyuzi ya Kati

Fyuzi ya kati ilikatika tena Jumanne, saa sita mchana, ikiwa ni mara ya nne ndani ya wiki mbili. Mashine ya kukoboa mpunga ya Maige, pale Ngulyati kando ya barabara, ilibadilisha sauti ghafla, ikaanza kuguna kama mtu aliyebebeshwa gunia zito kuliko nguvu zake. Lukresia aliiwahi swichi kabla mota haijaungua. Kukawa kimya. Wanawake waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakatazamana.

"Ni ile ile, Mama Elina?" Maige alimwuliza Lukresia kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Ile ile. Ya kati."

"Imekaa muda gani?"

"Nusu saa. Labda na dakika tano."

"Beringi," alisema Maige. "Nimeshasema, ni beringi ya mota hiyo."

Maige alikuwa mumewe Lukresia, na kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Mota zilizokuwa kubwa kuliko ng'ombe aliwahi kuzifungua na kuzifunga akiwa peke yake. Kisha ikamjia presha ya macho. Haikuja na maumivu. Ilianza kumla pembeni, akawa anagonga milango, akawa anamwaga chai, na alipokwenda hospitali wakamwambia kilichoondoka hakirudi, wanaweza tu kujaribu kulinda kilichobaki. Mashine hii aliifunga mwenyewe aliposhika mafao yake, jicho moja likiwa bado linamsaidia. Sasa alichokuwa anaona ni mwanga wa mlango na vivuli vya watu wanaopita. Mashine ikawa ya Lukresia: kuwasha, kupima mpunga, kufagia pumba, kubadilisha mkanda. Na fyuzi pia, Maige akimwelekeza kwa mdomo.

Mwanamke mmoja aliinuka kwenye gunia lake. Alikuwa Flora, jirani yao wa nyumba ya tatu.

"Shemeji," alimwambia Maige, "Jumamosi ninaozesha. Gunia moja mmenikobolea, mawili bado. Wageni wa Nassa wanaingia Ijumaa. Niambieni ukweli: nibaki hapa au nipakie niende Bariadi mjini?"

"Tupe mpaka kesho jioni," alisema Lukresia kabla mumewe hajafungua mdomo. "Ikishindikana, mpunga wako nitausindikiza mjini mimi mwenyewe."

Flora akakubali. Wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiacha magunia yao yamepangwa ukutani.

Mchana ule ule alikuja Thomasi. Alikuwa fundi umeme wa pale pale Ngulyati, mwanaume wa miaka thelathini na kidogo, mwenye pikipiki na mkoba wa vifaa, na alikuwa anamheshimu Maige kwa sababu alikuwa amesikia habari zake za kiwandani. Akasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, bhabha," akafungua boksi la fyuzi ukutani, akatazama, akafunga.

"Mzee, hii kazi ni ya dakika tano. Humu mna za thelathini na mbili. Tuweke sitini na tatu, utazisahau kabisa."

"Kaa kwanza," alisema Maige.

Thomasi akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Thelathini na mbili maana yake nini?"

"Kwamba umeme ukizidi ampea thelathini na mbili, inakatika."

"Watu wengi wanasema hivyo. Ipitishie thelathini na tano, utalala, utaamka, utaikuta ipo. Ipitishie arobaini, saa nzima itapita haijakatika, itapata joto tu. Hamsini na kitu, hapo ndani ya saa moja inaachia. Mia na hamsini, sekunde kadhaa. Na waya zikigusana, hupati hata nafasi ya kupepesa macho. Fyuzi haihesabu ampea peke yake. Inahesabu na muda."

"Kwa nini isikatike pale pale tu?" aliuliza Lukresia. Alikuwa amesimama na ufagio mkononi.

"Kwa sababu mota ikiamka inavuta mara mbili au zaidi ya inavyovuta ikishatulia. Kama fyuzi ingekuwa na hasira za haraka, kila ukiwasha ingekufa. Kwa hiyo inavumilia. Sasa tazama kibao cha mota yetu, Mama Elina, kimeandikwa ngapi?"

Lukresia alikuwa anakijua kwa kichwa. "Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili ndani ya fyuzi ya thelathini na mbili. Fyuzi hiyo ingetakiwa kuzeeka pamoja na mimi. Ikikatika, inatuambia kuna jambo. Wewe Thomasi unataka kuleta nyingine isiyosema."

"Lakini mzee, watu wanasubiri mchele."

"Waya uliomo ndani ya ukuta huu nimeuweka mimi. Unabeba thelathini na kitu kwa raha, siyo sitini. Ukitia sitini na tatu, siku mambo yakiharibika kitakachoyeyuka kwanza siyo fyuzi. Ni waya, humu ukutani, na nyuma ya ukuta huu kuna lundo la pumba kavu mpaka kwenye bati. Fyuzi inachaguliwa kwa kuangalia waya, kijana wangu. Mota ina kikatio chake kingine cha kuilinda, kile kidogo chenye kitufe chekundu."

Thomasi hakukasirika. Alijikuna kidevu, akafikiri, akasema ana kazi Lagangabilili mpaka kesho, lakini atawaachia mita yake ya kubana waya wajipimie wenyewe. Akamwonyesha Lukresia namna ya kufungua mdomo wa mita, kuuzungushia waya mmoja tu bila kuumenya wala kugusa shaba, na kusoma namba kwenye kioo. Akaondoka.

Ilikuwa imebaki fyuzi moja ya akiba. Lukresia aliitia, akawasha, akaanza kumimina mpunga wa Flora. Mashine iliposhika kasi akabana waya wa kwanza.

"Ishirini na moja," alisema kwa sauti ya juu.

"Wa pili?"

"Ishirini na moja na nusu."

"Wa tatu?"

"Ishirini na moja."

"Sawa. Subiri. Beringi ikipata moto utaona inapanda."

Alisubiri robo saa. Ishirini na mbili. Dakika ishirini na tano. Ishirini na mbili. Maige alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye mota, akisikiliza kwa makini, mkono mmoja kwenye goti.

"Unasoma vibaya," alisema hatimaye. "Angalia nukta iko wapi."

"Nukta nimeiona."

"Haiwezekani. Beringi ile inasaga, mimi naisikia. Lazima imefika arobaini. Soma tena."

Lukresia akaishusha mita. Alikuwa amechoka, vumbi la pumba lilikuwa limemjaa kwenye nyusi, na maneno yale yalimchoma.

"Baba Elina, namba ninazijua. Dawa zako za macho, matone mangapi asubuhi na mangapi jioni, miaka mitatu nasoma mimi. Nimewahi kukosea?"

Mashine iliendelea kuvuma kati yao. Dakika chache baadaye ikaguna, na Lukresia, ambaye alikuwa amerudisha mita kwenye waya wa kati, aliona kwa macho yake namba ikiruka kutoka ishirini na mbili kwenda sifuri. Haikuwa imepanda hata kidogo kabla ya hapo. Alizima.

"Imekatika kwenye ishirini na mbili," alisema. "Nilikuwa naitazama."

Maige aliugeuza uso kutoka kwenye mota. Lukresia alimjua mumewe. Hakuwa anabisha. Alikuwa amefika mwisho wa alichokijua, na hakuwa na macho ya kumpeleka mbele zaidi.

Basi akaamua kufikiri mwenyewe. Kinachoyeyusha fyuzi ni joto. Kama joto lile halikuletwa na ampea, basi limeletwa na kitu kingine. Na kwa nini kila mara iwe ya kati, wakati waya zote tatu zinabeba sawa? Beringi ikisaga, ingezionea zote.

Alishusha swichi kubwa ya mashine, akaifunga kwa kufuli.

"Ufunguo uko wapi?" aliuliza Maige, maana sauti ya kufuli aliisikia.

"Mfukoni mwangu."

"Testa?"

"Naijaribu kwanza kwenye taa yenye umeme... inawaka. Sasa kwenye boksi. Moja, hakuna. Mbili, hakuna. Tatu, hakuna."

"Haya."

Akachomoa fyuzi ya kushoto kwa mpini wa kuchomolea. Ilikuwa na uvuguvugu wa yai lililotoka kutagwa. Ya kulia vivyo hivyo. Ya kati alipoigusa kwa kidole alitoa sauti na kuitupa juu ya gunia. Ilipopoa kidogo akaiokota na kuipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kifuniko chake cha upande wa chini, ambacho kilitakiwa kung'aa, kilikuwa kimegeuka rangi ya kahawia kama sufuria lililosahauliwa motoni.

Alirudi kwenye boksi. Fyuzi ya kushoto aliichomeka tena, ikamlazimu kusukuma kwa kiganja mpaka ikaingia kwa mlio. Ya kulia hali kadhalika. Ya kati iliteleza ikaingia yenyewe, kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake.

"Baba Elina, njoo."

Alimshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye boksi, akamwekea fyuzi ile kiganjani. Maige aliigeuza, akakipapasa kifuniko chake, akakisugua kwa kucha. Kisha akapeleka vidole kwenye mashavu ya shaba yanayoishika fyuzi. La kushoto, akabonyeza. La kulia, akabonyeza. Kwenye la kati vidole vilisimama.

"Limepanuka," alisema. "Limepinda upande wa chini. Halishiki."

"Ndiyo linalotoa joto?"

"Ndiyo. Shaba inagusa kwa ncha tu, umeme wote unabanwa upitie pale padogo, panapata moto. Kila likipata moto linalegea zaidi, mpaka moto unaingia ndani ya fyuzi. Ile namba ya thelathini na mbili waliipima kwenye kishikio kizima, kwenye hewa ya kawaida. Ukiipasha kutoka nje, inakuwa kama ya ishirini. Fyuzi haijui moto umetoka wapi." Akavuta pumzi. "Nami nilisema beringi."

"Ulisema."

"Siku tatu."

"Siku tatu nzima, mpaka nikaanza kuiota."

Maige akacheka kidogo, lakini kicheko kilikatika njiani. Aliendelea kulishika lile shavu la shaba lililopinda.

"Hili nimelipinda mimi," alisema. "Mwaka juzi. Siku ile ulikwenda kumwona Elina kule Mwanza. Fyuzi ilitakiwa kuchomolewa ili nisafishe boksi. Kuirudisha, sikuiona. Niliipapasa, ikaingia upande, nikaisukuma kwa nguvu. Nilisikia shavu limepinda. Nikajiambia si kitu, na sikutaka kukuambia kwamba kazi niliyoifanya maisha yangu yote imenishinda kwenye ukuta wangu mwenyewe."

Lukresia alifikiria siku zile, alivyorudi kutoka Mwanza akamkuta mumewe mkali bila sababu, hataki kula, hataki kuulizwa. Alikuwa amedhani ni kwa sababu alikaa huko siku nyingi.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia."

"Kesho nakwenda mjini kununua kishikio kipya. Nieleze niangalie nini."

Wakarudi kwenye kiti na ndoo, na Maige akaeleza mpaka kuku walipoanza kuingia bandani. Ukubwa wa kishikio. Skrubu za namna gani. Kwamba asisome ampea tu, asome na volti, maana fyuzi ikiyeyuka ndani yake kunaruka cheche, na iliyotengenezwa kwa volti ndogo inaweza kushindwa kuizima cheche ya umeme wa fezi tatu. Kwamba nzuri imejazwa mchanga ukashindiliwa, na kazi ya mchanga huo ni kuimeza cheche. Lukresia aliandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la shule la Elina la zamani, akarudia kumsomea, Maige akarekebisha mawili.

Asubuhi alikuwa Bariadi mjini mapema, kwenye duka la vifaa vya umeme la Hanif, karibu na soko. Hanif alikuwa anamfahamu kwa sura, alishamwona akija na mumewe.

"Karibu mama. Leo mzee hakuja? Fundi amesema nini?"

"Kishikio cha fyuzi cha fezi tatu, cha thelathini na mbili, kinachofungwa ukutani. Na fyuzi sita."

Hanif akaleta kishikio, akaleta na boksi mbili za fyuzi. Lukresia akachukua moja kutoka kila boksi. Zote zilikuwa zimeandikwa thelathini na mbili kwa herufi zile zile. Ya kwanza alipoitikisa sikioni ilisikika ndani yake kama kibuyu chenye mbegu chache, na volti zake zilikuwa mia mbili na hamsini. Ya pili ilikuwa nzito, kimya, imeandikwa mia tano.

"Hizi," alisema.

"Zile nyingine ni bei nafuu, na wengi wanachukua. Mwulize fundi wako kwanza, ukitaka piga simu."

"Fundi ni mimi," alisema Lukresia.

Lilimtoka tu, wala hakuwa amelipanga. Hanif alimtazama, akatabasamu, akaiondoa ile boksi ya kwanza juu ya meza. Lukresia alitoka dukani uso ukimwaka, akatembea mpaka stendi akijirudia maneno yale kimoyomoyo, mara akiyaonea haya, mara akiyafurahia.

Kufunga kishikio kulimchukua saa mbili. Maige alisimama kando yake mikono nyuma, akauliza kila hatua, na mara mbili tu alishindwa kujizuia akanyoosha mkono kupapasa skrubu.

"Hii ya chini ongeza kidogo."

"Nimeshaikaza."

"Ongeza robo."

Akaongeza, na kweli ikakubali robo. Hapo Lukresia naye akacheka.

Waliwasha saa saba. Nusu saa ikapita, Lukresia akitazama saa ya simu. Ikapita saa nzima. Mpunga wa Flora ulikuwa unashuka upande mmoja mweupe na pumba zinaruka upande mwingine, na waliokuwa wameacha magunia wakaanza kurudi, maana mlio wa mashine unasikika mbali. Saa tisa Lukresia alizima kwa makusudi, akafunga kufuli, akajaribu kwa testa, akagusa fyuzi zote tatu. Zilikuwa na uvuguvugu ule ule, hazikupitana hata kidogo. Alimshika Maige kidole akakiweka juu ya kila moja ili naye ajue.

"Wabeja, mayu," alisema Maige taratibu, akimshukuru kwa Kisukuma na kumwita mama. Kwa kawaida alikuwa anamwita hivyo siku za sikukuu tu.

Flora alibeba mchele wake kabla jua halijazama. Jumamosi aliozesha, na wageni wa Nassa walikuja na sangara wa ziwani, na wali ulitosha mpaka wapiga ngoma wakafungiwa wa kuondoka nao. Maige alikaa na wazee wenzake chini ya turubai. Lukresia, akipita na sinia, alimsikia akisimulia habari ya beringi: jinsi alivyoshikilia, jinsi mita ilivyomkatalia, jinsi mkewe alivyoligundua tatizo kwa kidole. Hata la mwaka juzi hakulificha. Wazee walicheka, naye akacheka nao, akaomba aongezewe nyama.

Thomasi alifuata mita yake Jumatatu. Alisikiliza habari yote akiwa amesimama, kisha akafungua boksi akatazama kishikio kipya kwa muda mrefu.

"Mama," alisema, "kule Lagangabilili kuna karakana ya seremala. Fyuzi zake zilikuwa zinakatika. Mwezi uliopita niliweka sitini na tatu, na waya wake ni mwembamba kuliko huu." Akafunga boksi. "Sijalala vizuri tangu siku ile mzee aliponieleza. Nataka kurudi nikazitoe. Ungekuja tukatafute pamoja kinachozikata? Mimi ningepima, wewe ungeangalia."

Lukresia alimtazama mumewe, akasahau kwamba hawezi kuona anatazamwa.

"Nenda," alisema Maige. "Leo wateja wachache, nitawapokelea magunia. Ila chakula changu?"

"Ugali upo kwenye hotpoti, dagaa kwenye bakuli la bluu, mkono wako wa kulia."

"Chumvi umeweka?"

"Nimeweka ya kutosha."

Alivua kanga iliyojaa vumbi la pumba, akajifunga nyingine, akachukua testa na daftari. Barabarani pikipiki ilikuwa inanguruma tayari, na Thomasi alikuwa anampangusia kiti kwa mkono wa shati.